Mkanda Usiosimama

Watu wakisikia neno mchezo hujiandaa kucheka. Mchezo nilioutengeneza mimi haukumchekesha mtu. Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa kuwafundisha kazi wanaoendesha mitambo ya mizigo kwenye kiwanja cha ndege. Kabla haujamfundisha mtu yeyote chochote, ulitumiwa kwanza kuwapima waliokuwepo, ili ijulikane nani abaki na nani aende nyumbani. Miongoni mwa waliopimwa alikuwa mume wangu.

Miaka ile mji wote ulikuwa unajibadilisha wenyewe. Viwanda viliuzwa, mabenki yaliuzwa, na kila ukikaa unasikia shirika fulani limepata mwekezaji na wafanyakazi wake wanapanga foleni ya kiinua mgongo. Kariakoo kwa upande wake ilikuwa inanona. Nyumba za zamani zenye ua katikati zilibomolewa zikapandishwa ghorofa, na karibu kila jengo jipya chini lilikuwa na duka la vitenge au redio, juu chuo cha kompyuta. Mimi nilifundisha katika kimojawapo cha vyuo hivyo. Mwenye chuo alikuwa mama wa Kihindu, mjane, ambaye ukoo wa mumewe uliuza nguo mtaa uleule tangu enzi za wazee wao. Yeye alizichoka nguo. Milango ya biashara ilipofunguliwa akaagiza kompyuta. Aliniita binti, nami nilimwita mama, na tuligombana karibu kila siku juu ya kiyoyozi, maana yeye aliamini wanaosikia joto ni kompyuta, si walimu.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetengeneza mchezo mdogo wa kuwafundisha watoto wa wenye maduka namna ya kuuza. Mteja anaingia, anauliza bei, anaguna, anaondoka, anarudi. Sikuhitaji kufanya utafiti. Baba yangu alishuka kutoka Kilimanjaro akiwa kijana, akafungua duka la spea za baiskeli jirani na Mtaa wa Msimbazi, na mimi nimekulia nyuma ya kaunta. Habari za mchezo ule zilitembea, zikamfikia mtaalamu wa kampuni iliyonunua kitengo cha mizigo kule kiwanjani. Siku moja akapanda ngazi zetu, kafunga tai, anahema.

Alikuwa kijana wa hapahapa mjini, aliyesoma nje akarudi na haraka zake. Alieleza vizuri, simnyimi haki yake. Unakuja mkanda mpya wa kupitisha mizigo, alisema. Badala ya vibarua kusoma lebo kwa macho na kubeba, mashine itaisoma lebo yenyewe, na mkono wa chuma utalisukuma kila begi kwenye mteremko wa ndege yake. Opereta atakaa chumbani mbele ya skrini, aangalie wapi pamekwama, aupitishe mzigo njia nyingine, ashughulike na lebo isiyosomeka. Ukimfundishia mtu kwenye mkanda wenyewe utapoteza mizigo ya watu, na waliopo itabidi kwanza wapimwe.

"Tunataka gemu, dada," akamalizia. "Lakini gemu siriasi."

Nilikubali kabla bosi wangu hajafungua mdomo. Mume wangu alikuwa opereta wa mkanda wa zamani, na mimi niliona kwamba kama mtihani wenyewe unapikwa jikoni kwangu, hauwezi kumuunguza mtu wa nyumbani kwangu. Sikumwambia mtaalamu kwamba nina mume pale, naye hakuniuliza.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa kiasi kile. Mume wangu aliingia kazini pale akiwa kijana, na sasa alikuwa amefika umri ambao mji hauajiri tena. Kazi iliyobaki mjini ilikuwa kuuza, naye hakujua kuuza hata karanga. Baba alipokuwa hai niliwahi kumpeleka mume wangu dukani siku zake za mapumziko, akampunguzia bei kila aliyelalamika, na wengine ambao hawakulalamika. Alichojua ni mkanda. Alipiga pasi koti lake la kazi mwenyewe, hakuniachia. Nilijua akipoteza kazi ile nitabaki na mwanamume aliyenyoa ndevu na kuvaa vizuri, amekaa barazani, hana pa kwenda. Hofu hiyo nililala nayo na kuamka nayo muda wote nilipokuwa nautengeneza mchezo.

Nilienda kiwanjani mara kadhaa kuutazama ukumbi wa mizigo. Lakini nililolijua zaidi kuhusu ukumbi ule nilikuwa nimelijua kabla, siku tuliyomsafirisha baba yangu.

Baba hakuwahi kunisamehe kabisa kwa kuolewa na Mwislamu wa Tabora. Tulifunga ndoa bomani yeye hakuja, na kwa miaka mingi alimwita mume wangu "yule bwana wa mizigo", hata akiwa amekaa naye meza moja anakula wali wake. Alipofariki ilibidi arudi nyumbani, maana kwetu mtu hazikwi mjini, huzikwa kwenye kihamba chake, shamba la ukoo. Jeneza lilipitishwa ukumbi wa mizigo kwa toroli, kwa sababu lango la mizigo mikubwa liko huko, na mimi nikaruhusiwa kulifuata nyuma. Nilikuta vurugu ya kawaida, mkanda unanguruma, vibarua wanapigiana kelele. Ndani ya kijumba cha vioo alikaa mzee wa zamu, mkubwa wao wote, mtu wa Ilala mwenye tumbo na sauti nzito, na pembeni yake mume wangu.

Mzee wa zamu alituona, akabonyeza kitufe chekundu. Mkanda ukasimama. Waliokuwa wamekaa juu ya mabegi wakainuka, wenye kofia wakazivua, na ukumbi mzima ukanyamaza mpaka toroli lilipotoka nje kwenye jua. Hakuna aliyetoa amri. Ilikuwa desturi yao tangu zamani: maiti akipita, awe wa dini gani, awe tajiri au kapuku, mkanda unasimama na watu wanasimama.

"Huwezi kumpita maiti na shughuli zako," mume wangu alinieleza baadaye, kana kwamba ananieleza kwamba maji yanalowesha.

Sina shaka abiria kule juu walikuwa wanalalamika mizigo yao imechelewa. Shirika la umma lilikuwa na uzembe mwingi, na mimi nililisema kuliko wengi, ila siku ile niliushukuru uzembe wake. Baba yangu, aliyemdharau yule bwana wa mizigo, alisindikizwa na wale mabwana wa mizigo kwa heshima ambayo hata kanisani hakuipata, maana kanisani watu walikuwa wanaangalia saa.

Basi nikautengeneza mchezo. Nilichora mizigo tunayoijua: mifuko ya shangazi kaja iliyovimba, maboksi ya televisheni ya wafanyabiashara wetu wanaotoka Dubai, mikungu ya ndizi iliyofungwa kamba, sufuria ndani ya sufuria, gitaa, kiti cha magurudumu. Hatua za mwanzo zilikuwa rahisi, mabegi machache, ndege moja. Hatua ya mwisho niliijaza balaa. Mvua inanyesha, lebo zimelowa hazisomeki, umeme unakatika na jenereta linasita, ndege zilizochelewa zinafika pamoja. Katikati ya balaa hiyo lango la mizigo mikubwa linafunguka, na toroli lenye jeneza linaukata ukumbi. Opereta anatakiwa alifungulie njia. Niliweka sheria kwamba akisimamisha mkanda wakati jeneza linapita, saa ya mchezo nayo inasimama, hapotezi kitu. Sikumuuliza mtu. Nilimwekea baba yangu.

Mtaalamu alikuja kuujaribu. Alicheza vizuri, akacheka sana alipoziona shangazi kaja. Jeneza lilipoingia akakaa sawa.

"Hii nini?"

"Jeneza. Huwa yanapita pale."

"Na saa imesimama kwa nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akasema, "Toa hiyo sheria. Jeneza liache."

"Basi toa na jeneza," nikamwambia. "Ukiliacha bila ile sheria, watasimamisha mkanda. Wakongwe wote watasimamisha."

"Ndiyo tutawajua," akasema.

Nikabishana naye, sauti yangu ikapanda mpaka wanafunzi wa chumba cha pili wakaacha kuchapa. Yeye hakupandisha yake. Alisema ndege haingoji msiba wa mtu, na kwamba kampuni haijanunua mkanda wa fedha zote zile ili uzimwe kila mara mtu anapomkumbuka Mungu. Nilimgeukia bosi wangu anisaidie. Alikuwa anatazama mtaani.

Mtaalamu alipoondoka, mama akaniambia, "Binti, mume wangu alipokufa, jirani wa kulia alifunga duka siku nzima. Wa kushoto hakufunga. Unajua nani bado ana duka? Toa."

Nikatoa. Ilikuwa mistari michache tu.

Jioni, wanafunzi wakishaondoka, nikawa namleta mume wangu chuoni. Bosi alimwona, akajifanya hajamwona, na hilo namshukuru. Mwanzoni alishika kipanya kwa vidole viwili kana kwamba kitamng'ata. Nikamcheka, naye akacheka, na kwa siku chache tulikuwa kama wachumba. Halafu akakizoea. Kazi yenyewe aliijua, alichokosa ni vidole tu, na vidole vikaja. Alipofika hatua ya mwisho kwa mara ya kwanza, jeneza likaingia, naye akabonyeza kitufe chekundu bila hata kufikiri. Pointi zikaporomoka.

"Usisimamishe," nikamwambia. "Hapo ndipo watakapowachinjia."

"Mke wangu, hii si heshima."

"Hii si maiti. Ni rangi. Nimelichora mwenyewe, ndani hamna mtu."

Akatabasamu, akarudia. Safari ya pili aliliacha lipite, na ya tatu, na zote zilizofuata. Niliona kila mara toroli likipita yeye anatazama kibodi. Alipoanza kupata alama za juu kabisa, nilimwambia asimweleze mtu, maana wakongwe wote wakifaulu kwa pamoja mtaalamu atajua kuna mdomo umevuja, na mtihani utabadilishwa.

"Kwa hiyo wenzangu wasijue?"

"Wenzako wana wake zao," nikamjibu.

Ndivyo nilivyosema, na leo ningesema hivyohivyo. Mji ulikuwa umefika mahali kila mtu analinda sufuria lake, na mimi la kwangu nililijua. Akachukua koti lake, tukatembea hadi nyumbani. Ahadi hakunipa, lakini hakuwaambia.

Mtihani ulifanyika Posta, katikati ya mji, kwenye ukumbi wa ofisi zao uliokuwa na baridi ya kiyoyozi mpaka mtu anatamani shuka. Mchezo ulimulikwa ukutani ili wote waone. Maopereta walikaa kwenye viti nyuma, wanaitwa mmoja mmoja mbele. Mimi nilikaa kwenye mashine ya pembeni, na mtaalamu karibu yangu. Pointi tulizisoma sisi wawili tu, ukutani hazikuonekana.

Wa kwanza kuitwa alikuwa mzee wa zamu. Alicheza taratibu, jasho linamtoka na baridi ile, na alikuwa anaenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Lango likafunguka, jeneza likaingia ukutani. Mzee akabonyeza kitufe chekundu, akainuka kitini. Nyuma yake nikasikia viti vinaburutwa. Wote walikuwa wamesimama. Wameisimamia picha, mikono mbele, wametulia, mpaka toroli lilipofika mwisho wa ukuta na kutoweka.

Kumbe walidhani hilo ndilo jibu. Walidhani jeneza limewekwa pale kuwapima adabu, na walifurahi kwamba wawekezaji nao, kumbe, ni watu. Mzee wa zamu alirudi kitini kwake amejaa imani. Aliyemfuata akafanya vilevile, na aliyemfuata huyo, na kila mara viti viliburutwa na wote wakainuka. Mtaalamu alikuwa anakunywa soda. Kwenye skrini yangu nilikuwa naona riziki za watu zinamwagika, na nilikuwa nimefungwa mdomo na mimi mwenyewe.

Mume wangu aliitwa karibu na mwisho. Hakunitazama. Alianza, na nilisahau hofu kwa muda, maana alicheza kwa namna ya kupendeza kweli. Umeme ulipokatika alishahamisha mizigo kabla jenereta halijasita. Lebo zilizolowa alizikamata moja moja. Mtaalamu aliweka soda chini akasogea mbele. Nilijisikia fahari ambayo sijaisikia tena maishani, na nilikuwa nimeshaanza kuomba dua ya shukrani.

Lango likafunguka. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Njia ya toroli alikuwa ameshaifungua, mkanda unatembea, mabegi yanashuka kwenye ndege zake. Nyuma yake viti vikaburutwa. Mzee wa zamu akakohoa, kikohozi cha mtu mzima tu, hakikuwa na maana yoyote. Nikautazama mkono wa mume wangu juu ya kipanya. Ulitulia. Jeneza lilikuwa limefika katikati ya ukuta. Nikasema moyoni, acha, mume wangu, acha, limebaki kidogo.

Akabonyeza kitufe chekundu. Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake.

Hakuna aliyebaki katika wale wakongwe. Kampuni iliajiri vijana wa vyuoni, na mimi ndiye niliyewafundisha, kwa mchezo uleule. Walikuwa vijana wazuri, shikamoo zao hazikukatika, na walijifunza upesi. Jeneza likipita hawakuinua hata macho. Siwezi kuwalaumu, kwao lilikuwa pembe nne tu zinazotembea.

Siku ya matokeo mimi na mume wangu tuligombana mpaka majirani wakazima redio wasikie.

"Ulijua!" nikamwambia. "Ulijua kuliko wote mle ndani. Kwa nini?"

"Walikuwa wamesimama."

"Wameisimamia picha!"

"Walimsimamia baba yako."

Hilo liliniongezea hasira. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kuhusu uanaume wake na kuhusu watu wa kwao. Nilipochoka alisema tu kwamba asingeweza kukaa wenzake wamesimama, na kwamba ningekuwa mimi nisingeweza pia. Hapo alikosea. Mimi ningeweza.

Ikawa kama nilivyoogopa, ila kwa wiki za mwanzo haikuwa mbaya kama nilivyoogopa. Kila asubuhi alinyoa, akapiga pasi koti lisilo na kazi, akaenda kunywa kahawa upande wa Jangwani, kwenye kibaraza ambapo wenzake walioachishwa walikutana. Walisimuliana ya kazini, wakabishana mpira, wakamtukana mwekezaji kwa zamu. Alirudi mchana amechangamka kidogo. Nikaanza kujiambia kwamba labda alichokinunua siku ile kilikuwa na thamani yake. Kazi imekwenda, watu amebaki nao.

Halafu akaenda kuwaambia.

Alinisimulia mwenyewe. Walikuwa wanazungumza habari za mtihani, na mzee wa zamu akasema, "Laiti mmoja wetu angejua kwamba lile jeneza ni mtego." Mume wangu akasema, "Mimi nilijua." Namfahamu mtu wangu. Alidhani anawapa zawadi. Alitaka wajue kwamba yeye hakusimama kwa kutojua, alisimama macho wazi, kwa ajili yao. Aliwaeleza yote, mke wake, chuo, mazoezi ya jioni.

Mzee wa zamu aliweka kikombe chini.

"Ulijua, ukatuacha tukasimama mmoja mmoja kama mazuzu?"

"Na mimi nilisimama, mzee wangu."

"Uliposimama, nani alikuwa amebaki wa kuokolewa?"

Kesho yake alirudi kibarazani, wakamwitikia salamu, wakaendelea na mpira wao. Keshokutwa benchi lilikuwa limejaa, na hakuna aliyesogea. Aliendelea kwenda kwa muda, anasimama pembeni na kikombe chake, halafu akaacha. Nilikuta koti limetundikwa nyuma ya mlango halijapigwa pasi, nikajua. Nilikuwa na akili ya kutengeneza mvua na umeme wa kukatika, lakini sikuwa na akili ya kumtengenezea mume wangu sehemu ya kukaa kwenye benchi.

Mvua za masika zilipokuwa zinaisha, mzee wa zamu akafariki. Presha, walisema, ingawa kila mtu alijua presha ile ilianzia wapi. Msiba ulikuwa nyumbani kwake Ilala. Nilimwambia mume wangu asiende. Akasema huwezi kuacha kumzika mkubwa wako, akapiga pasi koti, akaenda.

Katika mazishi ya Kiislamu mjini mtu hahitaji mwaliko wala ruhusa. Jeneza linabebwa mabegani, linakwenda mbiombio, na kila mwanamume anataka apate fungu lake. Unajipenyeza, unaingiza bega, aliye mbele yako anakuachia, unakwenda hatua kadhaa, unampisha mwingine. Hata mpita njia asiyemjua marehemu hupewa nafasi. Mume wangu alijipenyeza, akaingiza bega. Aliyeshika hakumwachia. Akafikiri labda hakuonwa, akazunguka upande wa pili, akanyoosha mkono. Wa upande wa pili naye hakuachia. Walikuwa wale wale wa ukumbini, wamelizunguka jeneza pande zote, wanapeana zamu wenyewe kwa wenyewe. Alitembea pembeni yake toka nyumbani hadi makaburini, mkono umenyooka, na hakuna aliyempisha.

Alirudi alasiri, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Alinisimulia yote hayo kwa sauti ya kawaida, sauti ya kueleza mzigo uliokwama. Nilidhani amemaliza.

"Siku ile ya mtihani," akasema, "ningeacha tu lipite."

Hayo ndiyo maneno niliyoyataka tangu Posta. Nilikuwa nimegombana naye kwa ajili ya neno hilo, nimelia, nimesusa chakula, nimtoe mdomoni hilo tu: kwamba mimi nilikuwa sahihi, kwamba mle ndani hamkuwa na mtu. Sasa kalisema, hakuna aliyemlazimisha. Nilimtazama nikimsubiri alirudishe, anibishie kama alivyonibishia siku zote. Akainama akaanza kufungua kamba za viatu.